Mgeni rasmi kaongea dakika arobaini, mwandishi hakusoma hata ukurasa

Nianze kwa kukiri dhambi. Kwa muda mrefu, kila nikitoka kazini, nikishaoga na kula, nilikuwa najiambia kwamba leo nakaa naandika. Nafungua kompyuta. Hadithi ninayoiandika iko pale pale nilipoiacha, aya ya tatu, mtu kasimama mlangoni anasubiri nimwambie aingie au arudi alikotoka. Namwangalia. Ananiangalia. Halafu nafungua YouTube.

Najua wengi mnaoandika mnaifahamu hali hii. Unajidanganya kwamba unakwenda kumsikiliza Toni Morrison dakika kumi tu, upate mzuka. Saa saba za usiku unajikuta uko na mwandishi wa Norway ambaye hujawahi kusoma kitabu chake hata kimoja, anaeleza jinsi anavyoamka saa kumi na moja alfajiri ili aandike. Wewe saa kumi na moja alfajiri unaamka kuwahi daladala! Bando limekwisha, na yule mtu wako bado kasimama mlangoni.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema kutazama waandishi mtandaoni ni kupoteza muda. Hapana. Kwa kijana wa Dar ambaye hakusomea uandishi wa hadithi popote, na ambaye riwaya moja mpya kutoka nje ni hela ya kula wiki nzima, ile ndiyo shule. Louisiana, jumba la makumbusho ya sanaa huko Denmark, tangu 2012 lina chaneli yake ambayo imehoji waandishi wa kila bara, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o akiwemo, na haikutozi senti. Mwaka 2014 Binyavanga Wainaina alikaa mbele ya kamera akaongea sehemu sita nzima, akazipa jina We Must Free Our Imaginations, akaziweka YouTube bila kungoja tamasha limwalike. Na mwaka 2020, corona ilipofunga kumbi, Zukiswa Wanner, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi Nairobi, aliwakusanya waandishi wa Afrika wasome kazi zao moja kwa moja kupitia Facebook na Instagram, akaliita tamasha lake Afrolit Sans Frontières. Sisi huku Tanzania hatukufungiwa ndani kama majirani zetu, lakini mimi nilijifungia mwenyewe kwa ajili ya hiyo.

Ila kuna jambo nililichelewa kuliona, na ndilo linalonifanya niandike leo. Kule mtandaoni kuna vitu viwili tunavyovichanganya. Kuna mwandishi anayehojiwa na kuna mwandishi anayesoma. Mimi nilikuwa mlevi wa mahojiano. Mahojiano ni matamu. Unajifunza nani anaandika kwa kalamu na nani kwa kompyuta, nani alikataliwa na wachapishaji mara ngapi, nani anamchukia mhakiki gani. Ni umbea, tuseme ukweli, ila umbea wa heshima. Na mwandishi wa Afrika akipanda jukwaa la Ulaya utaona maswali ni yale yale: ukoloni, serikali ya kwao, kwa nini anaandika kwa lugha anayoandikia. Ni mara chache mno utasikia mtu akimuuliza kwa nini sura ya nne inaishia pale inapoishia, au kwa nini yule mama hana jina kitabu kizima. Anaulizwa kama balozi, naye anajibu kama balozi. Ukimaliza kutazama unajua maoni yake, lakini sentensi zake huzijui.

Usomaji ni kitu kingine. Mtu akisoma kazi yake hawezi kujificha. Unasikia anapovuta pumzi, anapokimbia, anapopunguza mwendo kwa sababu neno linalofuata analipenda. Hotuba ya Nobel ya Toni Morrison ya mwaka 1993 ipo mtandaoni, sauti yake mwenyewe, na inaanza kama hadithi za bibi zetu zinavyoanza, zamani za kale, bibi kizee kipofu na vijana waliokuja kumjaribu. Mimi niliwahi kuisoma kwenye karatasi nikaona ni hotuba nzito ya wasomi. Nilipoisikia ndipo nilipoelewa kwamba ni hadithi. Sauti yake iko chini, haina haraka hata kidogo, anakaa juu ya neno mpaka unaanza kuogopa. Abdulrazak Gurnah naye, mwaka 2021, alitoa yake kwa video kwa sababu ya corona. Hana mbwembwe. Anaanza na furaha ya kuandika insha alipokuwa mtoto shuleni Zanzibar, anasoma taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na wewe mmekaa barazani jioni. Kiingereza, ndiyo. Lakini mtu wa pwani akimsikiliza, mwendo ule anaujua.

Sasa nisimulie aibu yangu.

Miaka michache iliyopita nilimpelekea hadithi fupi mhariri mmoja, mtu mzima, mtu ambaye Kiswahili chake ukikisikia unatamani ukirekodi. Akanirudishia karatasi zangu zimejaa duara za kalamu nyekundu. Juu kabisa kaandika: "Hadithi nzuri. Umeiandika kwa lugha gani?" Nilikasirika, sitaficha. Nikajiambia mzee kapitwa na wakati, haelewi uandishi wa kisasa. Nikaziweka zile karatasi chini ya godoro, kama mtoto aliyeficha ripoti ya shule.

Kilichonifanya nizitoe ni Abdilatif Abdalla. Siku moja, katika ule ulevi wangu wa usiku, nikaangukia video yake akighani mashairi. Mnamjua, yule malenga wa Mombasa aliyefungwa na serikali ya Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kijitabu chake Kenya: Twendapi?, akatoka na mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani, yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Shuleni tuliyasoma baadhi kwa ajili ya mtihani. Tulihesabu mizani, tukapigia mistari vina, tukaandika "mshairi anatumia takriri", tukapata alama zetu tukasahau. Sikuwahi kujua kwamba yale mashairi yana sauti! Nilikaa kitandani nikamsikiliza mpaka mwisho, nikarudia.

Baada ya pale nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilichukua ile hadithi yangu iliyokataliwa, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikaisoma kwa sauti. Kisha nikajisikiliza. Jamani. Nilikuwa nimeandika "alimpa tabasamu". Nilikuwa nimeandika "moyo wake uliruka pigo moja". Ni Mswahili gani moyo wake umewahi kuruka pigo moja? Wa Mswahili unampiga pa! Unamwenda mbio. Unamlipuka. Nilikuwa nimeandika "mwisho wa siku" mara nne katika hadithi ambayo yote inatokea asubuhi. Zile duara nyekundu zote zilikuwa zinalia masikioni mwangu kama kengele, na kuna nyingine ambazo hata mzee hakuziona.

Nikajiuliza nimefikaje pale. Kiswahili ndicho nilichonyonya, sikujifunza ukubwani. Nyumbani kwetu hakuna anayeongea kingine. Jibu nililopata ni hili, na mnaweza kunibishia: sentensi inaingia kwa masikio kabla ya kuingia kwa macho. Mwandishi anajifunza urefu wa sentensi, mahali pa kutua, namna ya kuacha jambo bila kulisema, kwa kusikia watu wanaojua. Na mimi kwa karibu miaka miwili watu wote waliokuwa wakinifundisha hayo usiku, mmoja mmoja, sikioni, walikuwa wanasema Kiingereza. Masikio yangu yalikuwa yameshiba. Mkono ulikuwa unaandika Kiswahili lakini sikio linaamrisha kwa lugha nyingine. Hakuna kosa lolote kwa Morrison wala Gurnah. Kosa ni kwamba hapakuwa na mtu upande wa pili wa mizani.

Basi nikaanza kutafuta. Na hapa ndipo uchungu unapoanzia.

Ushairi wetu, tushukuru Mungu, haujawahi kuachana na sauti. Shairi linaghaniwa, utenzi una mahadhi yake, na pwani ya Kenya tenzi zilizunguka kwa kaseti miaka mingi kabla mtu hajasikia neno intaneti. Leo ukimtafuta Mohammed Khelef Ghassani, aliyeshinda upande wa ushairi katika tuzo ya kwanza ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa diwani yake N'na Kwetu, utamsikia. Vijana wa jukwaani, wale wa mashairi ya kusemwa, nao wanajirekodi kila siku.

Lakini nathari je? Riwaya, hadithi fupi? Tafuta mwandishi wa riwaya wa Kiswahili amekaa, kafungua kitabu chake, anasoma kurasa kumi mfululizo. Utapata semina. Utapata uchambuzi wa kidato cha nne: dhamira, wahusika, fani na maudhui, kijana anasoma muhtasari huku muziki unapiga nyuma. Utapata mwandishi anahojiwa kuhusu hali ya Kiswahili duniani. Mwandishi anayesoma utamtafuta kwa tochi.

Wapo watakaosema ah, nathari si ya kusomwa kwa sauti, riwaya ni kitu cha mtu na chumba chake. Si kweli. Ngũgĩ ameeleza katika Decolonising the Mind mambo yaliyoipata riwaya yake Caitaani Mũtharaba-Inĩ, ile aliyoanza kuiandika kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni gerezani Kamiti, ikachapwa mwaka 1980. Watu waliisoma kwa sauti nyumbani, familia nzima imekaa. Wakaisoma kwenye mabasi na kwenye teksi. Wakaisoma baa! Msomaji mmoja anawasomea wenzake, akifika patamu na glasi yake ikawa tupu, anakiweka kitabu chini, mpaka mtu aite mwenye baa amwongezee bia. Hao walikuwa wananchi wa kawaida, hakuna aliyewaambia nathari haisomwi kwa sauti. Na hapa kwetu, mama yangu mpaka leo ukimtajia kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania anatabasamu. Hadithi ilikuwa inasomwa, na sufuria zinasubiri.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Nilipopata Peponi, riwaya ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, nilianza kuisoma kwa sauti sebuleni, kwa mazoezi yangu tu, nisikie. Shangazi alikuwa anachambua mchele, hana habari na mimi. Nikafika pale mtoto Yusuf anaondolewa nyumbani kwao na mfanyabiashara, nikanyamaza ninywe maji. Shangazi akauliza, "Wamempeleka wapi?" Shangazi yangu huyu, wapendwa, hajasoma riwaya tangu aache shule.

Sasa twende kwenye uzinduzi wa vitabu, maana kama kuna mahali mwandishi wetu angesoma, si ndiyo pale?

Mwaka jana nilitumwa na ofisi kwenda kuandika habari za uzinduzi wa riwaya. Ukumbi, sitautaja. Mwaliko ulisema saa nane, tukaanza saa tisa na nusu kwa sababu mgeni rasmi alikuwa njiani. Sala. Wimbo. Utambulisho wa meza kuu, mmoja mmoja, asimame apige mkono. Salamu za taasisi, za taasisi rafiki, za mdhamini. Kila anayesimama anasema itifaki imezingatiwa, halafu anaizingatia upya kuanzia mwanzo. Mhadhiri akasoma mapitio ya kitabu, karatasi nane, akatueleza mwisho wa riwaya unavyokuwa (asante sana, mwalimu). Mgeni rasmi akasimama. Aliongea dakika arobaini, nilipima kwa saa ya simu. Aliongea kuhusu maadili ya vijana, umuhimu wa kusoma, barabara ya jimboni kwake. Kitabu hakukisoma, na hakujificha, alisema ataanza kukisoma leo usiku. Utepe ukakatwa. Nakala ya kwanza ikauzwa kwa mnada, watu wakapiga makofi. Mwandishi akapewa kipaza sauti, dakika tatu, ashukuru. Akashukuru. Sambusa.

Kitabu kilichotukusanya pale hakikufunguliwa hata mara moja. Sikuisikia sentensi moja ya yule dada aliyekaa miaka akiiandika.

Na unajua mimi nilifanya nini? Nilirudi ofisini nikaandika habari. Kichwa cha habari: mgeni rasmi awataka vijana wasome vitabu. Maneno mia tatu. Jina la mwandishi aya ya pili, jina la riwaya aya ya mwisho. Habari ikatoka kesho yake kama nilivyoiandika. Kwa hiyo ninapowalaumu waandaaji nisijifanye mtakatifu. Sisi waandishi wa habari ndio tunaowafundisha kwamba bila mgeni rasmi hakuna habari. Wangemwacha yule dada asome robo saa, labda ningesinzia. Labda pia ningeandika habari tofauti.

Haya si manung'uniko ya mtu aliyenyimwa burudani. Watu wanakufa. Mwezi wa kwanza mwaka 2020 tulimpoteza Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa amefundisha chuo kikuu huko Gaborone kwa miaka mingi. Huyu ndiye wa Rosa Mistika, riwaya ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Ndiye pia wa Kichomi, diwani ya 1974 iliyoleta mashairi yasiyofuata vina na mizani, wakubwa wa ushairi wakachachamaa. Vita ile imeandikwa sana. Wanafunzi wanaijadili hadi kesho: je, ni shairi au si shairi? Lakini fikirini kidogo. Wapinzani wake walikuwa na hoja moja ya maana kuliko zote, kwamba shairi la Kiswahili linaimbika. Sasa shairi la Kezilahabi linasomwaje? Yeye mwenyewe, mtoto wa Ukerewe, alikuwa anatua wapi? Alikuwa anaukata mstari pale ulipokatwa kwenye karatasi, au anaupita? Alikuwa na mahadhi yake ya siri? Mimi nasoma Kichomi kwa sauti na nakisia. Dakika tano za sauti yake darasani zingemaliza ubishi mwingi kuliko makala kumi za wahakiki, lakini darasani hatukuwahi kuchezewa hata sekunde moja. Tuliletewa maswali ya mtihani.

Miezi mitatu baadaye, Aprili ile ile ya corona, Ken Walibora akafariki Nairobi kwa ajali ya barabarani. Walibora alikuwa mtangazaji, sauti yake Wakenya waliizoea ikiwasomea taarifa ya habari. Angalia mzaha wa dunia: mtu aliyeandika Siku Njema, tunamkumbuka zaidi sauti yake ikisoma habari za wanasiasa.

Wenzetu walifanyaje? Tennyson, mshairi wa Uingereza, alirekodiwa mwaka 1890 kwenye mitungi ya nta ya Edison, na mpaka leo unaweza kumsikia, ingawa ni kama anasoma ndani ya mvua. Wanaonitia wivu zaidi ni Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1943, katikati ya vita kuu, walianza kuwarekodi waandishi wa Amerika ya Kusini, Hispania na Ureno wakisoma kazi zao wenyewe, kwa Kihispania na Kireno, si kwa Kiingereza. Wakaendelea mwaka hadi mwaka. Neruda yumo, Borges yumo, García Márquez yumo. Mamia ya waandishi. Kuanzia 2015 wakaanza kuweka kanda hizo mtandaoni, bure. Hawakuwa waandishi wa kwao! Walikaa tu na mashine, mwandishi akipita mjini wanamwomba aje asome.

Mashine ile ya 1943 ilikuwa kubwa kama kabati. Leo kila mtu aliyekuwa kwenye ule uzinduzi nilioueleza alikuwa na simu inayorekodi vizuri kuliko ile mashine. Tulizitumia kupiga picha na mgeni rasmi.

Nimeongea na baadhi ya wachapishaji kuhusu hili. Kuna hofu kwamba mwandishi akisoma kurasa kumi na zikawekwa mtandaoni watu hawatanunua kitabu. Nadhani hofu hii imekaa kichwa chini miguu juu. Shangazi yangu asingeuliza Yusuf kapelekwa wapi kama nisingemsomea. Hofu ya pili naiheshimu zaidi, ni ya waandishi wenyewe: "Mimi si mtangazaji, sauti yangu mbaya." Nendeni mkamsikilize tena Gurnah. Anaigiza nini pale? Hamna. Anasoma tu kama mtu anayejua kwamba kila neno kaliweka yeye. Hatuhitaji sauti ya redio, tuna watangazaji wa kutosha na wengine tungeweza kuwagawa. Tunataka sauti ya aliyeandika, na kama anakwamakwama, akwame. Nimejifunza mengi kutoka mahali waandishi wanapokwama, maana mara nyingi ni pale sentensi ilipowashinda wakaiacha hivyo hivyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandaa hafla ni dogo, wala halina bajeti. Muacheni mgeni rasmi aje, akate utepe, tunajua bila yeye mdhamini hatoi hela. Lakini kabla hajasimama, mwandishi asome robo saa. Mtu mmoja aweke simu mezani karibu yake, si nyuma ya ukumbi. Azime feni iliyo juu ya meza. Mwanzoni mwandishi ataje jina lake, kitabu, ukurasa na tarehe, ili atakayeisikia miaka hamsini ijayo ajue anamsikia nani. Basi. Kule Mikocheni pale Soma, kwa akina dada Demere Kitunga, watu wameshakaa wakasomeana vitabu na dari haikuanguka.

Na kwa wenzangu wa usiku, walevi wa mahojiano, mimi sijaacha. Bado namtazama Morrison. Nimejiwekea sharti tu: kila nikisikiliza mtu wa mbali, kabla ya kulala nasoma kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiswahili cha mtu anayekijua, na ukurasa mmoja wangu. Wangu ndio unaouma. Yule mtu wa mlangoni aliingia, kwa taarifa yenu, na "mwisho wa siku" zote nne nimezifuta. Karatasi za mzee zimetoka chini ya godoro, ziko mezani.

Jumamosi hii nina miadi Tandika kwa mzee mmoja anayetunga. Vitabu vyake viwili vilichapwa zamani, sasa havipatikani, na kabatini ana madaftari ambayo hakuna aliyeyachapa. Nimeazima maikrofoni ndogo ya kubana shatini kutoka kwa rafiki anayepiga video za harusi. Nilimpigia simu mzee juzi kumweleza. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu. Nikamwambia sitamuuliza maswali, nataka asome tu, muda wowote anaotaka, chochote anachotaka. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta suti yake iko wapi:

"Na mgeni rasmi nani?"

Nikamwambia hakuna, mzee, ni mimi na simu. Akasema basi nije mapema, kabla jirani hajafungulia muziki.